Anayefunga Furushi Amfikirie Anayefungua

Harusi imekwisha Jumamosi, na Jumatano mpiga picha analeta flashi. Tuseme ni Morogoro, katika nyumba yenye kompyuta moja ya mezani ambayo watoto huisomea na mama huifanyia hesabu za duka. Ndani ya flashi haionekani picha hata moja. Kuna mafaili manne tu: HARUSI.part1.rar, HARUSI.part2.rar, hadi la nne, kila moja likiwa na alama ya karatasi tupu, ile ambayo Windows huiweka pale inapokuwa haijui la kufanya. Binti wa nyumba anabofya mara mbili. Kompyuta inamuuliza faili hilo lifunguliwe kwa programu gani. Hajui. Na simu inaita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Haya, picha ziko wapi? Huku Mtwara wote wananiuliza mimi."

"Zimefika, shangazi, ila zimefungwa."

Kinachofuata hapo ndicho kinacholeta madhara. Binti anaandika kwenye intaneti jina la programu na neno "free", anapata ukurasa wenye vitufe vitano vya kijani vyote vimeandikwa "Download", anabofya kikubwa kuliko vyote, na kompyuta iliyokuwa nzima asubuhi inalala ikiwa na kivinjari kilichobadilishwa ukurasa wa mwanzo na matangazo yanayochomoza kila dakika. Au anamwendea fundi wa mtaani, anayemwekea WinRAR iliyovunjwa kutoka kwenye flashi iliyokwisha kupita kwenye kompyuta za mtaa mzima. Yote hayo kwa ajili ya picha ambazo mpiga picha angeweza kuzinakili kwenye folda ya kawaida na shughuli ikaishia pale.

Mijadala ya programu za kubana mafaili karibu yote huanza na swali moja: ipi ni bora? Majibu huja na majedwali ya nani kabana zaidi, nani kamaliza mapema. Ni swali la mtu anayefunga mzigo. Kwenye kompyuta ya nyumbani anayestahili kuulizwa kwanza ni yule atakayeufungua: ana kifaa gani, ana bando kiasi gani, na je, itambidi asakinishe kitu ili asome barua yake mwenyewe? Ukianza na mtu huyo, uchaguzi unakuwa mwepesi mno.

Lakini kwanza ijulikane kubana ni kufanya nini. Methali ya "haraka haraka haina baraka" inaonyesha vizuri kuliko maelezo marefu. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi kati ya maneno, ina alama 26. Programu inasoma "haraka" ya kwanza na nafasi inayoifuata, alama 7, inaziandika kama zilivyo. Ikifika kwenye "haraka" ya pili haiandiki tena. Inaacha maelekezo: rudi nyuma alama 7, chukua 9. Ni 9 kwa sababu hata "ha" ya "haina" inaendeleza mfuatano uleule. Inaandika "ina b", kisha inaacha maelekezo mengine: rudi nyuma 13, chukua 5. Hiyo ndiyo "araka" ya "baraka", na methali imekwisha. Alama 12 zimeandikwa, nyingine zote zimesimamiwa na maelekezo mawili. Anayefungua anayafuata hatua kwa hatua na kupata methali ileile, bila kupungua nukta.

Njia hiyo waliieleza Jacob Ziv na Abraham Lempel, watafiti wa chuo cha Technion mjini Haifa, katika makala yao ya mwaka 1977. Juu yake huwekwa mbinu ya pili, ya zamani zaidi. Mwaka 1951 David Huffman alikuwa mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, na mwalimu wake, Robert Fano, aliwapa wanafunzi nafasi ya kuandika insha ya utafiti badala ya kufanya mtihani wa mwisho. Huffman akachagua insha, akapata namna ya kuzipa herufi zinazojirudia sana alama fupi na zile adimu alama ndefu. Katika methali yetu herufi "a" imejitokeza mara 11 kati ya alama 26. Msemaji wa Kiswahili haimshangazi; lugha yetu inaelea juu ya irabu. Kwa kanuni ya Huffman, "a" hiyo ingeandikwa kwa alama fupi kuliko zote, na herufi kama "b", iliyotokea mara moja tu, ingebeba alama ndefu.

Mtu aliyeziingiza mbinu hizo mbili kwenye kompyuta za majumbani ni Phil Katz, wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 1988 alishtakiwa na kampuni ya System Enhancement Associates, iliyokuwa na programu ya ARC, kwa sababu ya programu yake iliyofanya kazi ileile kwa kasi zaidi. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka huohuo. Katz akaiacha ARC, akabuni muundo mpya, akautoa mwaka 1989 kwa jina la ZIP. Halafu akafanya jambo ambalo faida yake tunaila hadi leo: aliyachapisha maelezo ya muundo huo wazi, ili yeyote atakaye aandike programu yake ya kufunga na kufungua. Alifariki Aprili 2000, mjini Milwaukee, akiwa na miaka 37.

Alama ya jina lake imo ndani ya kompyuta ya kila msomaji wa makala haya. Chukua faili lolote la Word lenye kiishio cha .docx, likiwa na wasifu wa kuombea kazi au bajeti ya kikundi, ulifungue kwa Notepad. Utaona vurugu ya alama zisizosomeka, lakini herufi mbili za mwanzo kabisa ni PK, Phil Katz. Faili la Word ni furushi la ZIP lililovaa jina jingine. La Excel pia, na la PowerPoint, na kitabu cha EPUB, na hata faili la APK linalosakinisha programu kwenye simu ya Android. Tengeneza nakala ya faili hilo la Word, badilisha kiishio chake kiwe .zip, ulifungue: utakuta folda iitwayo "word", ndani yake "document.xml" yenye maandishi, na folda ya "media" yenye picha zote zilizobandikwa, kila moja peke yake. Katibu wa kikao aliyetumiwa ripoti yenye picha 40, na anayezitaka picha zenyewe, hana haja ya kunakili moja moja.

RAR ina historia nyingine. Ilibuniwa na Mrusi Eugene Roshal mwaka 1993, na jina lake limetokana na jina la ukoo wa Roshal. Tofauti kubwa na ZIP iko kwenye haki. Msimbo wa kufungulia RAR umetolewa, na programu nyingi zinautumia, lakini masharti yake yanakataza kuutumia kutengeneza upya kanuni ya kubania. Kwa hiyo wa kufungua ni wengi, wa kufunga kihalali ni wenye RAR na WinRAR tu. WinRAR yenyewe ni programu ya kununuliwa; hutolewa kwa majaribio ya siku 40, na siku hizo zikipita inaendelea kufanya kazi huku ikimkumbusha mtumiaji alipe. Upole huo ndio ulioisambaza dunia nzima, na ndio unaoifanya biashara ya WinRAR iliyovunjwa isieleweke kabisa. Mtu anavunja mlango ambao haukuwahi kufungwa, na kinachoingia naye hakijui.

RAR ina sifa zake za kweli, na ni haki kuzitaja. Kubwa kwa mazingira yetu inahusu mafaili yaliyokatika njiani. Orodha ya yaliyomo katika ZIP huwekwa mwishoni mwa faili. Bando likikata upakuaji ukiwa umefika asilimia 97, kilichopotea ni ukurasa uleule unaoeleza nini kiko wapi, na Windows inasema faili ni batili ingawa karibu kila kitu kimo. Muundo wa 7z nao huweka orodha yake mwishoni. RAR huandika maelezo ya kila faili mbele ya faili lenyewe, kwa hiyo yale yaliyotangulia bado yanaweza kutolewa. Tena humruhusu anayefunga kuongeza rekodi ya uokozi, ziada kidogo inayoweza kurudisha sehemu iliyoharibika. Mwenye kuhifadhi kumbukumbu za familia kwenye diski za zamani ana sababu nzuri ya kuilipia.

Kwa kompyuta nyingine za nyumbani, programu inayostahili nafasi ni 7-Zip. Imeandikwa na Igor Pavlov, naye Mrusi, tangu 1999. Ni ya bure kwa maana kamili ya neno, nyumbani na ofisini, bila siku za majaribio na bila matangazo, na msimbo wake uko wazi. Faili la kuisakinisha halifiki megabaiti 2. Inafungua ZIP, RAR, 7z, TAR, GZ, CAB, ISO na nyingine nyingi ambazo mtu wa kawaida hatakutana nazo. Anwani yake ni 7-zip.org, ikiwa na kistari katikati. Iandikwe yenyewe kwenye kivinjari, isitafutwe kupitia tangazo la kwanza.

Muundo wake wa 7z hubana zaidi ya ZIP, na sababu inarudi kwenye methali yetu. Kanuni ya kawaida ya ZIP, iitwayo DEFLATE, inaweza kurudi nyuma kilobaiti 32 tu kutafuta kilichojirudia. LZMA ya 7-Zip inarudi nyuma megabaiti nyingi. Kwa folda yenye matoleo 50 ya ripoti ileile ya maandishi, tofauti inaonekana kwa macho.

Hata hivyo, asitumiwe mtu faili la 7z bila kuulizwa. Hapa ndipo wapenzi wa teknolojia hukosea kwa nia njema. Wanaokoa megabaiti 3 upande wao, na upande wa pili mwalimu mwenye simu peke yake anashindwa kufungua mitihani ya majaribio usiku wa kuamkia siku yenyewe. ZIP hufunguliwa na Windows bila kuongeza chochote, na Mac, na programu ya Files iliyomo kwenye iPhone tangu iOS 13, na ile ya Google kwenye Android. Windows 11 ilianza kufungua RAR na 7z yenyewe mwaka 2023, jambo jema, lakini mwanzoni haikuweza zile zenye neno la siri, na majumbani bado zimejaa kompyuta za Windows 10 na hata 7. Basi 7-Zip iwe ya kufungulia kila kinachokuja, na kinachotoka nyumbani kitoke kikiwa ZIP.

Kuna mtego mmoja wa Windows unaowaliza watu kila wiki. Ukibofya ZIP mara mbili, inafunguka mithili ya folda ya kawaida. Mwanafunzi anaona faili la Word, analifungua palepale, anaandika saa mbili. Hajui kwamba Windows imemtolea nakala ya muda na kuiweka kwenye folda iliyofichika, na furushi lenyewe halijaguswa. Akirudi kesho kupitia ZIP ileile anakuta ukurasa kama ulivyokuwa kabla ya jasho lake. Kitufe cha "Extract All" kipo juu ya dirisha kwa ajili hiyo. Kutoa kwanza, kuhariri baadaye. Mwalimu wa kompyuta asiyelifundisha hili siku ya kwanza anawakosea wanafunzi wake.

Usalama ni habari nzito zaidi. Februari 2019 watafiti wa kampuni ya Check Point walitangaza kasoro ndani ya WinRAR iliyokuwemo kwa zaidi ya miaka 19. Ilitokana na kipande cha programu kilichofungua muundo wa zamani uitwao ACE, ambao hata wakati huo ulikwisha kusahaulika. Mhalifu aliweza kutengeneza faili la ACE, akalipa kiishio cha .rar, na likifunguliwa linapandikiza programu yake kwenye folda ambayo Windows huiendesha kila kompyuta inapowashwa. WinRAR ikaiondoa ACE moja kwa moja. Mwaka 2023 ikagundulika nyingine: mtu anabofya picha ndani ya furushi, na inayoendeshwa ni programu ya siri. Iliwapata wafanyabiashara wa masoko ya fedha mtandaoni kabla haijarekebishwa katika toleo la 6.23. Julai 2025 ikarekebishwa nyingine tena, katika toleo la 7.13, nayo ikiwa tayari inatumiwa na wahalifu.

7-Zip haikusalimika. Windows huwekea alama mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, ili ikuonye kabla hujayaendesha. Kasoro moja iliruhusu mafaili yaliyofungwa furushi ndani ya furushi yatoke bila alama hiyo. Ilirekebishwa katika toleo la 24.09 la Novemba 2024.

Zote mbili hazijisasishi zenyewe. Kivinjari hujisasisha usiku mwenyewe amelala, simu hukumbusha, lakini programu ya kufungulia mafaili iliyowekwa mwaka 2017 inabaki ya 2017 hadi mtu aende kuibadilisha kwa mkono. Ile iliyovunjwa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwenye nayo anaogopa kuisasisha isije ikakataa. Mzazi anayesoma makala haya leo afungue WinRAR au 7-Zip ya nyumbani, aingie "Help", abofye "About", asome namba ya toleo. Haichukui dakika moja.

Kuhusu neno la siri, maneno machache. ZIP ina kufuli mbili. Ya zamani, ZipCrypto, Eli Biham na Paul Kocher walionyesha mwaka 1994 namna inavyovunjwa na mtu anayekijua kipande cha kilichomo. Ya pili ni AES-256, ambayo ni imara. Unapotengeneza ZIP kwa 7-Zip, kisanduku huja kimechaguliwa ZipCrypto. Mwenye kutuma vyeti au taarifa za benki akibadilishe, kisha amuulize mpokeaji kama kifaa chake kinaiweza AES. Na hata hapo, majina ya mafaili ndani ya ZIP yanasomeka bila neno la siri. Faili likiitwa "majibu ya vipimo vya mama", siri imekwisha kutoka. Neno lenyewe litumwe kwa njia nyingine. Kuliandika chini ya faili kwenye ujumbe uleule ni sawa na kuacha ufunguo kwenye kitasa.

Sasa turudi kwa mpiga picha wa Morogoro, maana kosa lake ni la kawaida na lina somo la kiufundi. Picha za JPEG zimekwisha kubanwa na kamera. Ukizifunga kwa ZIP, RAR au 7z, gigabaiti 2 hubaki karibu gigabaiti 2 zilezile, kwa sababu yaliyojirudia yalishaondolewa. Hakupunguza chochote. Alimwongezea mteja kazi tu. Furushi la picha lina maana pale mtu anapotaka picha nyingi zisafiri kama kitu kimoja bila kuchanganyika, au pale anapoikimbia WhatsApp, ambayo hupunguza ubora wa picha zinazotumwa kama picha lakini hufikisha faili lililotumwa kama hati bila kuligusa.

Na tuseme safari hii binti anaanza vizuri: anapakua 7-Zip. Ananakili mafaili yote manne kutoka kwenye flashi hadi folda moja, kwa sababu sehemu moja ikikosekana kazi haikamiliki. Anabofya kitufe cha kulia juu ya part1 peke yake, anaingia 7-Zip, anachagua kutoa kwenye folda ya HARUSI. Programu inazitafuta yenyewe sehemu nyingine tatu. Kwenye Windows 11 ingembidi kwanza abofye "Show more options", na pale ndipo wengi hudhani programu haikusakinishwa. Dakika tatu, mstari wa kijani unajaa. Folda inafunguka, na picha zimo.

Anachagua 60 ambamo shangazi yumo, anazifunga kwa ZIP ya Windows yenyewe, anaipa jina la HARUSI YA DADA, anaituma kwa WhatsApp kama hati. Mtwara ni saa mbili usiku. Shangazi anagusa faili kwa kidole, simu inamwuliza kama anataka kutoa yaliyomo, anakubali. Hajapakua programu, hajamwita fundi. Picha ya kwanza ni ya bibi harusi akishuka garini, mkono mmoja umeshika shela isiguse matope.